Mkwaruzo si Ufa

Wahenga walinena ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, wala sina nia ya kuipinga. Hata hivyo, nataka nikusimulie juu ya ufa mmoja ambao aliyekataa kuuziba ndiye aliyekuwa na busara, ingawa kukataa kwake kulitugharimu pesa nyumbani.

Mimi ni mkaazi wa Kware, hapa Embakasi, mtaa ambao jina lake latokana na machimbo ya mawe. Mjomba wangu ana kibanda chake cha jua kali huko: nguzo nne, mabati juu, na mtungi wa kupulizia rangi. Watu wengi humwita fundi wa rangi, lakini kazi yake hasa ni rimu za aloi. Jumamosi na wakati wa likizo mimi humsaidia, naye hunitolea sehemu ya karo. Kwa hivyo ninayoyaandika hapa sikuyasoma kitabuni.

Huenda ukauliza, aloi ni nini? Ni mchanganyiko wa metali. Rimu hizi hutengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na vitu vingine kama silikoni na magnesi kidogo. Waliosoma densiti katika kidato cha kwanza wakumbuke: sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7, ilhali ya chuma inapita gramu 7. Gari lenye magurudumu mepesi huondoka upesi na kusimama upesi. Ndiyo maana kampuni ya Bugatti iliyafunga magurudumu ya alumini kwenye gari lake la mashindano, Type 35, mwaka wa 1924.

Lakini kila chenye uzuri kina ila. Gari la kawaida lenye tairi la 175/70 lina ubavu wa mpira wa milimita 122 hivi. Gari la mbio lenye tairi la 225/45 lina milimita 101 tu, na rimu yake ni kubwa. Mpira ukiwa mfupi hivyo, rimu haina ngao. Dereva akiegesha vibaya, ukingo wa saruji wa barabara humenya rimu kama mtu anavyomenya viazi. Huo ndio mkwaruzo, na huo ndio unga wetu.

Mkwaruzo hutibiwa hivi. Kwanza gurudumu hufunguliwa, likaoshwa kwa maji na sabuni, kisha likapanguswa kwa thina ili mafuta yatoke. Tairi likibaki kwenye rimu, huzungushiwa magazeti na utepe wa karatasi lisipate rangi. Kisha huchukuliwa tupa laini, zikatulizwa ncha zilizoinuka. Hapo ndipo msasa huanza: namba 120, halafu 240, halafu 400, na mwisho 800 kwa maji. Hapa ndipo vidole vyangu huumia. Vumbi lile si la kuchezea, kwa hivyo tunavaa barakoa.

Palipobaki shimo dogo hujazwa fila. Fila huchanganywa na dawa yake ya kukausha kidogo tu. Ukizidisha, hukauka ungali umeishika mkononi, ukabaki unacheka peke yako. Ikikauka hupigwa msasa tena mpaka kidole kisijue mpaka uko wapi. Kisha praima. Hapa mafundi wengi huharakisha, rangi yao ikabambuka baada ya mwezi. Sababu ni kwamba alumini ikipata hewa hujifunika mara moja kwa utando mwembamba wa oksidi, na rangi ya kawaida haiushiki vizuri. Yahitajika praima ya kuiuma metali. Baada yake ni rangi ya fedha, tabaka nyembamba nyembamba, na mwisho vanishi ya kung'arisha. Wakati wa kurudisha gurudumu, nati tano hazikazwi kwa kufuatana. Hurukwa moja moja kama anayechora nyota, ili rimu ikae sawa.

Sasa nifikie kisa chenyewe. Jumamosi moja ya muhula wa kwanza lilikuja Subaru Impreza la buluu, ukoo uleule wa gari ambalo Colin McRae alilitumia kushinda Safari Rally mwaka wa 1997. Sisi hatukuwa tumezaliwa, lakini tangu Safari irudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 kule Naivasha, hakuna kijana Kware asiyeijua Subaru. Watoto walilizunguka kama nyuki.

Mwenyewe alikuwa kijana mtanashati, asiyezidi miaka thelathini. Alitaka rimu zote nne ziwe mpya kufikia jioni, kwa sababu kesho yake gari lilikuwa la kubeba maharusi. Walikubaliana shilingi 8,000. Moyoni nilipiga hesabu haraka, maana salio langu la karo lilikuwa 4,000 na shule ilikuwa imetangaza kwamba Jumatatu wenye salio wasije.

Rimu tatu zilikuwa na mikwaruzo tu. Ya nne, ya mbele kushoto, Mjomba aliigonga kwa kinyundo cha mti akatega sikio. Zile tatu zililia kama kengele. Hii ililia kama sufuria iliyopasuka. Hakusema kitu. Aliniambia, "Kijana, leta mafuta ya taa na ile chaki."

Chaki yenyewe ni hii hii ya ubaoni. Aliipaka rimu mafuta ya taa upande wa ndani, tukangoja kama dakika kumi, akaipangusa mpaka ikakauka kabisa. Kisha akasaga chaki na kuipaka juu kama poda ya mtoto. Tukatazama. Polepole, katikati ya ule weupe, ukajitokeza mstari mweusi mwembamba, urefu wa kidole changu. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka, na chaki inayanywa. Gari lilikuwa limegonga shimo mahali fulani. Rimu ya chuma ingepinda, lakini ya aloi ilipasuka.

Mjomba alimwita mwenye gari akamwonyesha.

"Sasa hiyo si ni laini tu, buda?" yule kijana alisema. "Jaza fila, piga rangi. Nani ataona?"

"Hakuna atakayeona, na hiyo ndiyo shida," Mjomba alimjibu. "Ufa huu utaendelea kukua chini ya rangi yangu. Siku utakapofika mwisho, utakuwa umebeba watu kwa mwendo wa kasi."

"Basi chomelea kwa gesi."

"Hii haichomelewi ovyo ovyo, ndugu yangu. Alumini yayeyuka kwa digrii 660, na haikuonyeshi wekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka. Tena rimu hii ilipewa nguvu zake kwa moto wa kupimwa kiwandani. Nikiichoma hapa, nguvu hiyo inaondoka na mimi sina namna ya kuirudisha."

Mjomba alimshauri atengeneze zile tatu, na ya nne atafutiwe rimu nyingine iliyotumika kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road. Alikuwa tayari kwenda naye siku ileile. Yule kijana alitazama saa, akatazama simu, akapandwa na hasira.

"Gari ni langu, rimu ni yangu, wewe kazi yako ni rangi! Ganji si nakupatia?"

Mjomba aliniambia nirudishe magurudumu yote. Nilikaza nati moja baada ya nyingine huku nikizihesabu zile 8,000 zikiondoka. Sitasema uongo kwamba nilifurahi. Nilipomaliza, Mjomba aliinama dirishani akamwomba kwa upole, "Tafadhali usipite kilomita hamsini kwa saa, na usipakie watu." Subaru likaondoka kuelekea Outer Ring Road, na vumbi likatuachia sisi.

Jumatatu nilirudishwa nyumbani, nikakosa vipindi vya siku mbili. Mama alimlaumu ndugu yake waziwazi. "Mtu mwenyewe amekubali, wewe unakataa kwa niaba ya nani?" Mjomba alijibu kwamba maharusi hawakuulizwa. Jumatano usiku alipiga rangi rimu za matatu hadi saa saba, na Alhamisi nilirudi darasani.

Kama lile Subaru lilifika harusini salama, sijui. Huenda fundi mwingine aliufunika ule ufa kwa shilingi elfu mbili na kazi ikapendeza. Nikipita Outer Ring na kuona Impreza la buluu, mimi hutazama gurudumu la mbele kushoto kwanza.

Baadhi ya wenzangu niliowasimulia walisema Mjomba ni mjinga, kwamba Nairobi kila mtu ajitafutie. Wengine wakanikumbusha ile methali: ufa si uzibwe? Nami nawajibu hivi. Ukuta huzibwa kwa udongo kwa sababu ukuta umejengwa kwa udongo. Fila si aloi. Inajaza shimo la macho, haishiki uzito wa gari wala wa watu. Kumziba mtu macho si kuziba ufa. Wahenga haohao walisema pia kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Ndugu msomaji, tunaamka alfajiri kuja shuleni ili tuwe wahandisi, madaktari na walimu. Ni vyema. Lakini tusiwadharau wale wa chini ya mabati tukidhani kazi yao ni ya walioanguka mtihani. Nimemwona mmoja akipima kwa chaki na mafuta ya taa, akajua ukweli, kisha akausema mbele ya mtu mwenye pesa mkononi. Mkwaruzo upake rangi, hakuna atakayekulaumu. Ufa uonyeshe mwenyewe, hata kama utalala njaa.