Una Kuku Wangapi?

Sokoni Ggaba, Kampala, kando ya wanaouza mukene, dagaa wakavu, kuna gunia la magamba ya ziwani. Husagwa yakachanganywa na chakula cha kuku, ili yai lipate ganda gumu. Nilitia mkono nikatoa kombe mmoja mwembamba kama ukucha, ndani anang'aa. Mwenye duka akaniuliza, “Ssebo, una kuku wangapi?”

Sina hata mmoja. Gunia lile lilinikumbusha mama.

Kwetu Fumba, Unguja, bamvua likifika na maji yakikupwa mbali, mama alishuka pwani na ndoo. Kombe wa bahari, ambaye wataalamu humwita Anadara antiquata, hujifukia mchangani kati ya majani, mdomo juu, akichuja chakula majini. Mama alimjua kwa unyayo kabla jicho halijamwona. Ukimpasua hutoka damu nyekundu: ana himoglobini, jambo adimu kwa wanyama wa magamba mawili. Utotoni nilimkataa kwa sababu ya damu hiyo. “Kwani wewe mwanangu ndani una maziwa?” mama alinicheka.

Huyo wa bahari humwaga mayai majini, mkondo ukabeba watoto. Wa ziwani hapati urahisi huo. Mwaka 1961 Geoffrey Fryer, mtafiti aliyefanya kazi Jinja, alichapisha utafiti wa maisha ya kombe wa ziwani, Mutela bourguignati: kitoto chake kina uzi mrefu wa kujinasia kwenye mwili wa samaki, na samaki aliyemwona akikibeba ni kisinja. Kitoto hujipenyeza katika nyama ya samaki huyo, na hapo ndipo kombe mdogo huchipuka. Mbebaji akikosekana, wazee hubaki topeni wakichuja maji kama kawaida. Ukiwachimbua utasema wapo. Kumbe hawana mrithi.

Na kisinja amepungua sana ziwani.

Hapo ndipo ninapokwama. Mama aliendelea kushuka pwani hadi magoti yalipomkataa, nasi tukisema mama yupo, kombe wapo. Katika watoto wake, hakuna aliyejifunza kusoma mchanga kwa unyayo. Mimi nilikuwa nimeshapanda basi la Kampala. Tulimzika mwezi wa Shaabani.

Dirishani kwangu Ggaba nina nusu ya kombe la Fumba, miinuko 38. Nimeihesabu mara nyingi. Nusu ya pili sijui iliko.