Aliyechafua Ndiye Alipe

Nataka kukueleza habari za kidole gumba changu. Kidole hiki kiliwahi kuuza mto kwa shilingi 50 na kilo 2 za sukari.

Kijiji chetu kiko mkoani Tanga, kando ya mto mdogo. Mwendo wa saa moja juu ya kijiji palikuwa na shamba kubwa la mkonge. Wengi wetu tulipata riziki hapo. Kaka yangu alikuwa mkata mkonge. Mimi mwenyewe nilifanya kazi ya kuanika singa kwa miaka 2. Kwa hiyo sisemi kwamba mkonge ni adui. Mkonge ulitulisha.

Lakini jani la mkonge lina uchafu mwingi kuliko faida. Ukipima kilo 100 za majani, nyuzi utakazopata ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji na makapi. Mashine ya kusaga majani, tunayoiita korona, hutumia maji mengi kuosha nyuzi. Maji hayo hutoka yakiwa ya kijani, makali, yenye harufu mbaya. Yakiingia mtoni huoza. Yakioza humaliza hewa iliyomo majini, na samaki hufa kwa kukosa pumzi.

Kwa muda mrefu shamba lilikuwa na mashimo ya kutuliza maji hayo. Mashimo yakajaa, na hakuna aliyeyazoa, maana kuyazoa ni gharama. Mwaka 1981 maji ya korona yakaachwa yaende moja kwa moja mtoni.

Asubuhi moja tuliamka tukakuta samaki wanaelea, matumbo juu. Watoto waliooga walijikuna usiku kucha. Ng'ombe walinusa maji, wakageuka. Mke wangu na wanawake wenzake wakaanza kufuata maji kwenye chemchemi iliyo ng'ambo ya mlima. Zamani kwenda mtoni na kurudi ilikuwa kazi ya dakika chache. Sasa ilikuwa saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, na ndoo kichwani.

Tukalalamika. Siku moja mwenyekiti wetu alipokuwa wilayani, likaja gari la shamba. Akashuka karani na karatasi yake. Akasema, "Wazee wangu, shamba limewasikia. Kila kaya itapata shilingi 50 na kilo 2 za sukari. Tieni kidole hapa kuonyesha kwamba mmepokea."

Sukari ilikuwa adimu wakati ule. Tukapanga mstari. Nilichovya kidole katika wino, nikakibandika kwenye karatasi. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Mke wangu aliitazama ile sukari, akaniuliza, "Baba Zuhura, na maji je?"

Sikuwa na jibu.

Miezi ikapita, mto ukawa vilevile. Tukaenda kwa meneja pamoja na mwenyekiti. Meneja akafungua jalada, akampa mwenyekiti asome. Karatasi ilisema hivi: sisi tuliotia vidole tumelipwa fidia yote, wala hatutadai kitu kingine chochote. Nilitazama chini ya karatasi. Alama ya kidole changu ilikuwa pale.

Majuto ni mjukuu. Wiki ile ile nilijiandikisha katika darasa la kisomo, ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa miaka mingi.

Huko darasani mwalimu wetu alitupa hesabu ambayo sijaisahau. Kijiji kilikuwa na kaya 40. Kila kaya ilipoteza saa 4 kwa siku kwa kufuata maji. Tukazidisha: 40 mara 4 ni 160. Siku ya kazi ni saa 8. Tukagawanya: 160 kwa 8 ni 20. Maana yake, kila siku kijiji kilikuwa kinapoteza kazi ya watu 20 wa kutwa nzima! Hapo hatujahesabu samaki, wala dawa za upele, wala ng'ombe waliokonda.

Tena tukahesabu tulichopokea: shilingi 2,000 na kilo 80 za sukari, basi.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo moja. Uchafu hauna bure. Gharama yake lazima ilipwe na mtu. Kama mwenye korona halipi, basi analipa mama mwenye ndoo. Shamba lilikuwa halijaokoa fedha za kuzoa mashimo. Lilikuwa limetutwisha sisi gharama hiyo.

Ndugu msomaji, leo sheria inalitambua jambo hili. Nchini Tanzania kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inasema kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Inampa mtu ruhusa ya kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo. Tena inakubali kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa.

Je, mtu mdogo anaweza kushinda? Tazama jirani zetu wa Mombasa, nchini Kenya. Huko kuna mtaa wa watu maskini uitwao Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi kando ya mtaa huo ili kupata madini ya risasi. Risasi ni sumu, na huharibu akili za watoto. Mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani, Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga akiugua. Damu ya mtoto ilipopimwa ilikutwa na risasi. Mama huyo akaacha kazi, akawakusanya wenzake wadai haki.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2016 wananchi walifungua kesi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Iliamuru pia udongo na maji yasafishwe. Yasiposafishwa, zitolewe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Wala si kiwanda peke yake kilichotakiwa kulipa. Ofisi za serikali zilizozembea nazo zilipewa sehemu yao. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ilitengua malipo hayo, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha.

Angalia basi: kesi ilichukua miaka 8. Sheria peke yake haitembei. Inatembezwa na watu wenye ushahidi. Watu wa Owino Uhuru walikuwa na vipimo vya damu na vya udongo. Sisi tulikuwa na malalamiko ya mdomo, na karatasi moja iliyotushinda.

Korona ya kwetu ilisimama zamani, bei ya mkonge iliposhuka. Mto ulijisafisha polepole, na samaki wadogo wamerudi. Lakini miaka ile ya ndoo kichwani hakuna aliyeilipa. Mke wangu bado anaumwa shingo.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu. Maji ya kijiji chako yakichafuliwa, chukua daftari. Andika tarehe. Andika ulichoona, na majina ya waliokuwapo. Andika nani ameugua, na zahanati imesema nini. Andika saa mlizopoteza na fedha mlizotoa. Peleka habari kwa kamati ya mazingira ya kijiji na kwa ofisa mazingira wa wilaya, na ubaki na nakala yako.

Jua pia tofauti ya faini na fidia. Faini huenda serikalini. Fidia huja kwa aliyeumia. Na kusafisha ni jambo la tatu. Mchafuzi akilipa moja, msikubali kuambiwa kwamba yote yamekwisha.

Na ukiletewa karatasi, usiharakishe, hata kama nyuma yake kuna gunia la sukari. Isome mpaka mwisho. Kama kuna neno hulielewi, mwite mwenzako msome pamoja. Ndipo uandike jina lako, au ukatae kuliandika.

Kidole hakisomi. Macho yako yanasoma.