Mtungi wa Mashine ya Kufulia

Ninyi mnaokaa Bukavu na Uvira mnaweza kuchuma mboga karibu mwaka mzima. Huku Ubelgiji, ninakokaa na jamaa yangu karibu na Liège, sivyo. Tangu Desemba hata Machi baridi ni kali, pengine theluji inafunika bustani, na mboga zinazoota ni chache. Anayetaka kula alivyolima, sharti aviweke vema kabla ya baridi.

Jambo hilo nilijifunza kwa hasara. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimeachishwa kazi. Nililima karoti nyingi, nikasema moyoni: hizi zitatulisha, na fedha ya sokoni nitampelekea mama yangu Bukavu. Nikaziweka katika kibanda cha mbao, pamoja na kikapu cha matofaa. Usiku mmoja wa Januari baridi ikazigandisha. Kulipopata joto zikalegea, zikatoa maji, zikaoza. Chache zilizopona zilikuwa chungu. Mwezi ule mama hakupata kitu. Niliona haya, nikamwandikia uongo kwamba nimeugua.

Jirani yangu, mzee mmoja, alicheka kidogo, kisha akanionyesha bustani yake. Alikuwa amefukia mtungi wa mashine ya kufulia, ule wa chuma unaozungusha nguo. Nikawaza: takataka hii! Lakini alinieleza sababu. Chuma hicho hakishiki kutu upesi. Matundu yake hupitisha hewa na kutoa maji, lakini ni madogo, panya hapenyi. Tena udongo huzuia baridi. Chini hakugandi upesi kama juu.

“Na frigo nzima je, mzee?” nikamwuliza.

“Usiifukie hivyo tu. Ndani mna gesi inayoharibu hewa. Kwanza fundi aitoe. Na mlango wake ni hatari kwa watoto.”

Ni kweli. Watoto waliingia katika frigo zilizotupwa, wakafa kwa kukosa hewa; hata Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kwamba frigo mpya ziweze kufunguliwa toka ndani.

Mwaka uliofuata nilimwomba fundi mtungi wa mashine mbovu. Nilichimba shimo mahali pasipotuama maji, nikatandaza changarawe, nikausimamisha mtungi, mdomo juu. Karoti nilizikata majani, sikuziosha, na zenye jeraha tulizila kwanza. Nyingine nikazipanga: mchanga, karoti, mchanga, hata mtungi ukajaa. Nikafunika kwa ubao, na juu yake majani makavu tele. Matofaa niliyaweka mbali, maana hutoa gesi inayotia karoti uchungu.

Mwezi wa Februari niliondoa theluji, nikafunua. Karoti zilikuwa ngumu na tamu, kama zimeng'olewa jana. Watoto walizitafuna palepale. Mwezi ule nilimpelekea mama fedha, nikamwandikia pia ile kweli niliyomficha. Akanijibu: “Mwanangu, hata mimi nilipata kuozesha maharagwe. Ungeniambia tu.”

Basi, wapenzi, kitu kilichochoka kwa kazi moja pengine chafaa kwa nyingine. Ila kwanza muulize anayejua. Na ukipata hasara, usiwafiche watu wako. Karoti zilizooza nilizitupa siku moja. Ule uongo niliubeba mwaka mzima.