Kiuno cha Bibi Harusi, Futi ya Fundi na Nasaha za Profesa Janabi

Leo tunaweka pembeni lesi na shela. Tuzungumzie mwili utakaoingia ndani ya gauni, maana nao ni amana kutoka kwa Mola wetu.

Sisi ni mafundi wanne wa kike, tunashona ghorofani Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga na vitenge. Wateja wetu wengi ni mabibi harusi, na wengine wanavuka na boti ya asubuhi kutoka Unguja. Kila mteja anaanzia kwenye futi: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Daftari letu la vipimo linatunza siri nyingi. Aliyeshonewa gauni la harusi kiuno inchi 28, anarudi kushona la akika ya mtoto wa pili kiuno kimefika 36. Hatumcheki, maana na sisi tumo humo humo. Cherehani inatukalisha kitini tangu saa 2 asubuhi hadi Magharibi inakaribia.

Futi hii ni kifaa cha daktari pia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, yaani kama inchi 31 na nusu, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inaanza kupanda. Kikizidi sentimita 88, karibu inchi 35, inapanda sana. Nyonga pana si tatizo kubwa. Tatizo ni mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na viungo vingine vya ndani. Ukijipima nyumbani, usipime pale tunapofungia sketi. Tafuta katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, legeza tumbo, kisha soma namba. Usilivute tumbo ndani, dada, unajidanganya mwenyewe.

Kwetu Tanzania, mtu aliyelisema jambo hili hadi likaingia sokoni ni Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa maradhi ya moyo. Aliiongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu ilipoanza mwaka 2015, akaenda kuongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2022, na Mei 2025 akachaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Nasaha zake ni zile zile miaka yote: punguza sukari na wanga, acha muda mrefu kati ya mlo na mlo, tembea, fanya mazoezi. Watu wamemtania sana mitandaoni, eti profesa anatunyima hata chapati. Lakini daktari wa moyo anaona kule mwisho, mgonjwa akishafika kitandani. Anapotuomba tutembee, anatuomba tusifike huko.

Na kwetu Waislamu haya si mageni. Tumefundishwa tusijaze tumbo, tuache nafasi ya maji na ya pumzi. Tuna sunna ya kufunga Jumatatu na Alhamisi. Tumepokea pia kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), safari moja mke akashinda, safari nyingine mume. Hayo ni mazoezi ndani ya ndoa, tena yenye mapenzi.

Tuwaelezeni kilichotuamsha. Mwaka jana tulipita mahali pana upimaji wa bure, tukaingia wote wanne kwa mzaha. Mwenzetu, hodari kuliko sote kwa kukata kitambaa, presha yake ikasoma 170 kwa 110. Ya kawaida haitakiwi kufika 140 kwa 90. Hakuwa na ugonjwa anaoujua. Kichwa kilikuwa kikimuuma, akisema ni jua na kelele za Kariakoo. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya wiki sita, naye akasema, "Dawa nitaanza harusi ikipita."

Tulimkatalia. Tulimwambia presha haisubiri harusi, na bibi harusi anamtaka mama yake akiwa mzima ukumbini. Akaanza dawa. Wiki ya tatu akajiona mzima, akataka kuacha. Daktari akamweleza kwamba kujisikia vizuri ni kazi ya dawa yenyewe, na presha haina kelele mpaka ipasue mshipa. Tangu hapo dawa zake zinakaa kwenye droo ya nyuzi, na mmoja wetu ana zamu ya kumkumbusha. Siku ya kliniki hendi peke yake. Mgonjwa wa maradhi haya hahitaji kuhurumiwa kila saa. Anahitaji mtu wa kumkumbusha, wa kumsindikiza, na asiyemwekea soda mbele yake. Kumbukeni Rufaida (R.A.), aliyekuwa na hema la kutibu majeruhi kule Madina. Kuuguza ni ibada ya wanawake tangu zamani.

Sasa wewe bibi harusi mtarajiwa. Unatuambia, "Fundi, libane, nitapungua." Kisha unashinda na maji ya ndimu wiki mbili, unakuja kujaribisha gauni unatetemeka, uso umesawajika, na somo yako anahangaika na liwa. Mwili ulionyimwa chakula ghafla unarudisha unene wote kabla fungate halijaisha. Sisi huacha kitambaa cha akiba pembeni ya mshono, kwa hiyo usiogope inchi moja. Anza miezi mitatu kabla: nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki. Hizo ndizo dakika 150 zinazoshauriwa na wataalamu. Na usisimame baada ya nikahi, maana ndoa ndiyo kwanza inaanza.

Utasema stara. Stara haijawahi kukataza jasho. Mwaka 2014 soka la dunia liliruhusu rasmi wachezaji kuvaa hijabu uwanjani. Huko visiwani, kila Januari 1 ni siku ya mazoezi, na watu wanajaa barabarani. Sisi tumejishonea kanzu ndefu iliyopasuliwa pembeni, na suruali pana ndani yake, kitambaa cha pamba. Tunashuka kituo kimoja kabla tunamalizia kwa miguu, lifti tumewaachia mizigo na wazee, na kila baada ya Adhuhuri tunanyoosha migongo kabla ya kurudi kwenye cherehani. Chai yetu haina sukari tena. Wiki ya kwanza ilikuwa chungu, sasa tumezoea.

Binti wa mwenzetu aliolewa, alhamdulillah, na mama yake alicheza hadi viatu akavivua. Dada, wiki hii chukua futi, jipime kiuno, kapime na presha. Kisha mpime na mama yako.

Allah atupe afya, awaponye wagonjwa wetu, na azitie baraka ndoa zenu. Amin.