Uyoga wa Kandokando ya Jaa

Ukiabiri matatu ya kwenda Dandora, kilomita kama 8 kutoka katikati ya jiji la Nairobi, pua yako itakuambia umefika kabla utingo hajasema. Hapa ndipo lilipo jaa kubwa la taka za jiji, lililoanza kutumika miaka ya 1970. Moshi hufuka, korongo husimama juu ya marundo kama wazee wa baraza, na Mto Nairobi hupita papo hapo ukielekea Athi.

Mvua zikinyesha, mahali hapa hubadilika sura. Majani huchipuka ukingoni, na uyoga nao huweza kuota, mweupe, mnono, wa kumtamanisha yeyote aliyelelewa mashambani, ambako uyoga wa kichuguu ni kitoweo cha kumwandalia mgeni. Ndugu msomaji, usiuchume, hata kama ni aina unayoijua vyema na kwenu huliwa.

Uyoga hauna mizizi kama ya sukuma wiki. Una nyuzi nyembamba zilizotanda chini ya ardhi, nazo hufyonza maji na chakula, pamoja na madini mazito kama risasi, zebaki na kadimiamu. Aina nyingine hulimbikiza kadimiamu hata ikazidi ile iliyomo udongoni.

Najua kuna mama atakayesema, "Nitauosha, nitauchemsha vizuri." Kuosha huondoa mchanga wa nje. Kuchemsha huua vijidudu. Lakini risasi si kijidudu. Moto wa jikoni hauiharibu.

Na risasi ipo. Mwaka 2007 shirika la UNEP, lenye makao yake Gigiri, lilitangaza kuwa kati ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo, nusu walikuwa na risasi damuni kupita kiwango kinachokubalika. Katika sampuli 42 kwa kila 100 za udongo, risasi ilikaribia mara 10 ya ile ya udongo safi. Madini haya hudhuru ubongo wa mtoto, na dhara hilo halina dawa ya kulirudisha nyuma.

Uyoga unaokuzwa ndani ya nyumba, juu ya mabua safi yaliyopashwa moto, ni habari nyingine. Huo kula kwa raha. Lakini ukiuziwa wa kuchumwa, muulize muuzaji ameutoa wapi. Akisema "huko mtoni," mrudishie fungu lake.