Mahali pa Kupigia Picha

Kila nikipokea kadi ya harusi huuliza jambo ambalo wenye shughuli huliona la mwisho: wageni watapigia wapi picha? Chakula kimeshapangwa, maua yameshalipiwa, na ukumbi wa skuli umekodiwa hadi saa tano za usiku. Picha, wanasema, zitajipiga zenyewe, kwani kila mtu ana simu yake. Ni kweli, wapigaji ni wengi. Neno langu mimi ni juu ya wanaopigwa. Wanaopigwa picha, nisije nikaeleweka vibaya, maana nilikuwa mwalimu.

Wengi wetu tuliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na miaka iliyofuata, wengine tukiwa watoto wa kubebwa, na albamu haikuwa kitu cha mwanzo kutiwa sandukuni. Ndiyo maana nyumba nyingi hapa Uingereza zina picha mbili tatu tu za wakubwa, nazo aghalabu ni za studio, mfano wa ile Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930. Zitazameni vizuri picha za namna hiyo. Pazia lisilo na makuu, kiti kimoja imara, mzee kakaa, waliobaki wamesimama nyuma yake, na watoto chini miguuni. Hakuna aliyepandishwa ngazi.

Desemba 2022 shangazi yetu alikuja kutoka Maskati kwa harusi ya mjukuu wake. Wapambaji walikuwa wameweka upinde wa maua juu ya jukwaa, mzuri kwa hakika, lakini njia ya kuufikia ilikuwa vidato vitatu visivyo na pa kushikia. Magoti ya Shangazi hayakumruhusu. Alikaa karibu na mlango wa jikoni akiitazama foleni ya vijana. Nilimwendea nikamwambia, "Shangazi, twende, tutakushika mikono." Akanijibu, "Waache watoto wapige, mwanangu. Miye nitawaona kwenye picha." Alifariki Machi iliyofuata. Katika picha zaidi ya mia nne za usiku ule, yumo katika moja tu: bega na nusu ya mtandio, nyuma ya mtu aliyebeba sahani ya biriani.

Tangu hapo, katika harusi za ukoo wetu kazi hii nimeiomba mwenyewe, na wapambaji wananijua. Jukwaa nawaachia maharusi. Wageni nawatafutia kona ya chini, mbali na foleni ya chakula, mahali ambapo kiti cha magurudumu kinaingia na kugeuka bila ya kuwahamisha watu. Watu saba wakisimama bega kwa bega huchukua kiasi cha mita tatu na nusu; basi pazia la mita nne linatosha, na ukoo mkubwa tunaupanga safu tatu. Pazia liwe la rangi moja iliyopoa. Vile vitambaa vya kumetameta vinarudisha mwanga, na nyuso zinabaki giza. Viti viwe na mikono na vikae juu kidogo, kwani kochi laini humzamisha mzee, na kumnyanyua ni shughuli nyingine.

Mwanga ndio hasa unaoharibu. Harusi zetu nyingi huwa Desemba, watoto wakiwa likizo, na huku jua la mwezi huo linazama kabla ya saa kumi za jioni, kwa hiyo dirisha halisaidii. Taa za darini zinatia vivuli chini ya macho, hata bi harusi akaonekana hakulala wiki nzima. Naweka taa mbili, moja kila upande, juu kidogo ya vichwa, na watu wasimame hatua mbili mbele ya pazia ili vivuli vyao viangukie nyuma. Waya zipite ukutani, zibandikwe kwa utepe. Utepe mwingine naubandika sakafuni, mita nne kutoka kwenye viti: mpigaji asimame hapo, asisogee, kwani simu ikikaribia sana pua zinakua.

Upande wetu wa wanawake kona hiyo huzungushiwa viwambo, ili asiyetaka kupigwa asijikute nyuma ya picha ya mwenziwe na kesho akatazamwa Dubai. Anapiga mmoja tunayemwamini, simu nyingine zimo mikobani. Wakubwa hupigwa mwanzo, kabla ya chakula, kabla hawajachoka. Kisha msichana mmoja mwenye hati nzuri anaandika daftarini majina, safu kwa safu, kuanzia kushoto, pamoja na jina la baba na la babu.

Pazia, taa mbili na viti vinne vimo bandani nyuma ya nyumba yangu. Mwenye shughuli anipigie simu wiki mbili kabla, aje na gari yenye nafasi, na viti virudi vikavu.