Mwanafunzi Niliyemwita Mvivu



Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani katika kijiji kimoja cha Pemba. Elimu yangu si nyingi. Qur'ani nimesoma kwa marehemu baba yangu, na skuli nimeishia darasa la saba. Umri wangu umepindukia miaka hamsini, na zaidi ya nusu ya umri huo nimeupitisha juu ya mkeka, wanafunzi wakiwa mbele yangu. Sina ada ya kuandika magazetini. Leo nimeshika kalamu kwa sababu nina deni la mtoto mmoja, na kwa kuwa mwenyewe amekwisha nisamehe, malipo yaliyobaki ni kulieleza jambo lenyewe ili mwengine asilirejee.

Mwaka 2009 nilikuwa na mwanafunzi wa kiume wa miaka tisa, ambaye jina lake nitalisitiri. Baba yake alikwisha fariki, na mama yake alikuwa ameolewa Unguja, basi akilelewa na bibi yake. Alipoingia chuoni alikuwa mwepesi wa kushika. Nikimsomea aya mara tatu, mara ya nne huisoma mwenyewe. Hata ulipofika mwaka wake wa tatu, hali yake ikageuka. Sura moja fupi ya Juzuu Amma ilimkalisha mwezi mzima. Akisinzia juu ya msahafu. Wenziwe walipocheza mpira, yeye alikaa chini ya mwembe peke yake, na mara nyingi nilimwona akimega udongo wa ukutani na kuutia kinywani. Tumbo lilimtangulia mbele, na miguu yake ilikuwa myembamba kama ya ndege.

Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, wala sikuyaelewa. Nikamwita mvivu. Tena nilimwita hivyo mbele ya wenziwe, na watoto, kama mjuavyo, hawaliachi neno likapotea. Likawa ndilo jina lake njiani na kisimani. Siku moja alisinzia nilipokuwa nikimsikiliza, nikampiga bakora mbili. Hakulia. Aliinua uso akanitazama, na uso wenyewe ulikuwa umepauka kama jivu.

Jioni ile bibi yake akaja, akabisha hodi, akaketi barazani kwangu.

"Maalim," akaniambia kwa adabu, "sikuja kukushitaki. Mtoto nimekukabidhi mwenyewe. Lakini huyu si mvivu. Tukipanda kilima cha kwetu, mimi mkongwe nakipanda kwa safari moja, na yeye hupumzika mara mbili. Tangu lini mtoto akashindwa na bibi yake?"

Nilimjibu maneno ya kumtuliza, na moyoni nikadhani anamdekeza mjukuu wake. Hata hivyo aliponiomba nifuatane naye kwenda kituo cha afya, kwa kuwa yeye hajui kusoma, niliona haya kukataa.

Tabibu alimvuta mtoto kope ya chini ya jicho. Mahali palipopasa kuwa pekundu palikuwa peupe. Akapima damu, akapima na choo. Akatwambia kwamba damu ya mtoto imepungua sana, na kwamba tumboni mwake mna minyoo ya namna mbili: michango, na ile midogo inayoleta maradhi ambayo wazee wetu tangu zamani wakiyaita safura. Huo udongo aliokuwa akila, akasema, ni tabia inayoonekana mara nyingi kwa watu waliopungukiwa na damu.

Kisha akauliza, "Kwani hakupata vidonge vya minyoo? Si walipita skuli kuwagawia watoto wote?"

Bibi yule akanitazama, nami nikainamisha kichwa.

Ndugu wasomaji, tangazo la vidonge lilipokuja, kijijini kulienea uvumi kwamba dawa ile itaharibu kizazi cha watoto wetu. Bibi huyu alikuja kuniuliza, "Maalim, nimpe au nisimpe?" Mimi sikuwa na elimu ya jambo lile, na mtu asiyejua hupaswa aseme sijui, kisha aulize kwa wanaojua. Sikufanya hivyo. Niliona vibaya mwalimu kusema hajui, nikajibu, "Mwache kwanza, tusubiri tuone." Naye akamzuia nyumbani siku ile. Na si yeye peke yake aliyeniuliza, wala si yeye peke yake aliyenifuata.

Palepale mbele ya tabibu angeweza kusema kwamba ni maalim aliyetwambia. Hakusema. Alijibu tu, "Siku ile mtoto hakwenda skuli." Sitara ile aliyonifanyia mkongwe yule imenilemea moyoni kuliko lawama yoyote ambayo ningeweza kupewa.

Tabibu alikuwa mtu mpole, akakaa kitako kutufahamisha. Mchango jike mmoja, akasema, huweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na choo cha mgonjwa, hukaa udongoni majuma kadhaa mpaka yakapevuka, kisha humrudia mwanadamu kwa mikono michafu, kwa kucha ndefu, au kwa mboga na matunda yasiyooshwa. Ama minyoo ya safura hainao haja ya kungoja mtu ale. Vijidudu vyake huanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli, vikapenya ngozi ya mguu usio na kiatu, vikasafiri katika damu mpaka mapafuni, vikapanda kooni, vikamezwa, na mwisho vikajishika katika matumbo na kufyonza damu. Mtoto hula kidogo, na katika hicho kidogo wako wanaokula pamoja naye. Damu ikipungua mwili huchoka, na akili nayo huwa nzito kushika.

Akaniuliza, "Wanafunzi wako huenda chooni na viatu?"

Nikanyamaza. Choo cha chuo changu kilibomoka kwa mvua za masika ya mwaka uliotangulia, na kila mwezi nilisema tutakijenga mwezi ujao. Watoto waliacha ndara zao mlangoni kwa heshima ya mkeka, na mmoja akibanwa na haja, hukimbia miguu mitupu mpaka vichakani nyuma ya chuo, penye kivuli na unyevu, kisha hurudi akashika juzuu yake. Nami nilikuwa nikiwafundisha kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza kwenda haja njiani, penye kivuli wanapopumzikia watu, na penye maji. Waliyahifadhi vizuri. Mwalimu wao ndiye aliyewakosesha mahali pa kuyatenda. Siwezi kuapa kwamba mtoto yule aliipata safura chuoni kwangu, kwani alikwenda pia mashambani kuokota karafuu bila ya viatu. Lakini siwezi kuapa kwamba hakuipata kwangu.

Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400, akakitafuna mbele yetu, pamoja na vidonge vya madini ya chuma vya kutumia miezi mitatu. Tabibu akasema kwamba kidonge huwatoa wadudu, lakini hakiwezi kurudisha damu iliyokwisha nyonywa. Hiyo hurudishwa na chakula na hayo madini ya chuma. Akamuuliza bibi mtoto anakula nini. Asubuhi ni chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Mchana ni muhogo au wali kwa mchuzi mwepesi. Jioni ni chai tena. Samaki akipatikana huuzwa, ipatikane pesa ya mchele. Hakuwa mzembe mama yule; alikuwa maskini, akitafuta cha kushibisha.

Tabibu hakumwambia anunue nyama. Alimwambia atie kiganja kimoja cha dagaa katika mchuzi, apike choroko au kunde mara kwa mara, achume mchicha na matembele yaliyo uani, na amkamulie mtoto ndimu juu ya chakula au ampe embe na papai, kwani ukali wa ndimu na matunda ya namna hiyo huusaidia mwili kuvuta chuma kilicho katika mboga na nafaka. Na chai, akasema, isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia chuma kisiingie mwilini; inywewe baadaye. Bibi akacheka, akasema, "Basi miaka yote hii nampa chakula kwa mkono huu na kumpokonya kwa huu!"

Haukupita mwezi wa tatu, kilima kile mtoto akakipanda mbio. Udongo akauacha. Sura iliyomkalisha mwezi mzima akaimaliza kwa siku nne. Nisiwadanganye kwamba kila kilichopotea kilirudi. Wenziwe walikuwa wamemtangulia kwa mwaka mzima, na lile jina nililomtia lilichukua muda mrefu kuliko minyoo kumtoka. Nilisimama mbele ya chuo kizima, nikasema kwamba sikuwa na haki ya kumwita hivyo, na kwamba mvivu katika jambo lile nilikuwa mimi. Leo yeye ni fundi seremala, na mlango wa chuo changu ameufanya kwa mkono wake.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza wanaojua. Nimefahamishwa kwamba hapa hapa Pemba, katika miaka ya 1990, wataalamu waliwapima watoto wa skuli zetu, wakathibitisha kwamba safura ni miongoni mwa sababu kubwa za upungufu wa damu kwao, na kwamba kugawa vidonge mara kwa mara kunasaidia. Tena mwaka 2000 ikafunguliwa Chake Chake maabara ya afya ya jamii iitwayo Ivo de Carneri, ambayo imeendelea na uchunguzi wa maradhi haya. Jirani zetu wa Kenya, katika wilaya ya Busia, walianza mwaka 1998 kugawa dawa katika skuli 75. Wataalamu wawili, Edward Miguel na Michael Kremer, wakaandika mwaka 2004 kwamba utoro wa wanafunzi ulipungua kwa kadiri ya robo. Wako wenzao waliobishana nao baadaye juu ya baadhi ya hesabu zao, na huo ndio mwendo wa elimu. Lakini kwamba dawa huitoa michango na safura, na kwamba ni salama kwa watoto, hilo limekwisha thibiti. Shirika la Afya Duniani hushauri watoto wapewe mara moja kwa mwaka mahali ambapo angalau watu 20 katika kila 100 wana minyoo, na mara mbili kwa mwaka wakifika 50.

Basi, wazee wenzangu, niruhusuni niseme machache.

Kwanza, siku ya vidonge msiwafiche watoto. Wengine huumwa kidogo na tumbo au kichefuchefu, nako hupita. Na mchango ukionekana kutoka, hiyo ni dawa kufanya kazi yake. Mtoto akiwa mgonjwa siku hiyo, mwambieni mgawaji kwanza. Mkisikia uvumi, ulizeni kituo cha afya, na wala msiniulize mimi.

Pili, dawa si kinga. Anayekunywa leo na kesho akarudi miguu mitupu penye uchafu, atapata minyoo mipya. Chuoni kwetu wazazi walichanga, tukachimba choo kwa siku kumi na mbili, tukaweka jozi sita za ndara za chooni, ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni. Kila Alkhamisi, kabla ya kuwapa ruhusa, nakagua kucha. Usafi wa kukata kucha tumeamrishwa na dini zamani. Tumeufanya pambo la sikukuu, nao ni ngao ya kila siku.

Tatu, tazameni sahani ya mtoto. Muhogo hushibisha, lakini peke yake haujengi damu. Kiganja cha dagaa, kunde, mboga ya majani na tunda la mtini kwenu si mambo ya matajiri.

Na kwenu walimu wenzangu, wa chuo na wa skuli: mtoto akisinzia, kabla ya kuinua bakora, mvuteni kope ya chini mtazame. Mkiona weupe, mpelekeni kwa tabibu. Tumekabidhiwa watoto wakiwa na miili yao, si ndimi tu za kusomea, na amana yote hiyo tutaulizwa.

Bibi yule amekwisha tangulia mbele ya haki. Nilimwomba radhi alipokuwa hai, naye akanijibu, "Maalim, wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma kilima." Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe sisi macho ya kuona walivyo watoto wetu kabla hatujawapa majina.

Wabillahi tawfiq.